Kurasa Arobaini na Moja

Baada ya sala ya Alasiri, Roble Kariye aliketi juu ya mkeka wa wahakimu, vitabu viwili mapajani mwake, na hofu yake yote ilikuwa moja: asije akaviweka kinyume.

Baraza lile la wasomaji wa Hargeisa lilikutana kila mwaka mwishoni mwa Shaabani, katika ua wa mkahawa wa chai nyuma ya soko la vitabu, ili hesabu ya mwaka wa kusoma ifungwe kabla mwezi mtukufu haujaandama. Kila hakimu alikuja na vitabu viwili. Kile alichokipenda kuliko vyote alikiweka mkekani uso juu. Kile kilichomchukiza kuliko vyote alikilaza kifudifudi. Kisha alisimama akatoa sababu zake mbele ya watu. Kitabu kilicholazwa kifudifudi na mtu mwenye neno zito kilikuwa kimekwisha kuzikwa. Wauza vitabu wa sokoni, ambao nao huja kusikiliza, hukiondoa mezani siku ya pili.

Na hapakuwa na mtu mwenye neno zito kama Roble. Mji ule haumwiti mtu kwa jina la babake ukishapata kilema cha kumwitia. Mwenyekiti wa baraza, ambaye mguu wake mmoja ni mfupi, aliitwa Hirsi Kiwete mbele ya uso wake na mbele ya wakwe zake, naye akiitikia. Afisa forodha mstaafu aliyeketi mkono wa kulia alikuwa Bulhan Masikio, na kila aliyemtazama hakuuliza kwa nini. Roble peke yake aliitwa kwa sifa. Tangu ujana wake aliyabeba mashairi ya watu wengine kifuani, mamia ya beti, na hakupata kudondosha herufi. Hivyo watu wakamwita Hafidhi, na walipobishana juu ya mstari wa mshairi aliyekufa, walikwenda kubisha mlangoni kwake.

Jambo asilolijua mtu katika ua ule, isipokuwa mkewe Dahabo, ni kwamba miezi kumi na mmoja ilikuwa imepita tangu macho ya Hafidhi yaingiwe na weupe. Aliona mwanga, akaona vivuli vya watu vikipita. Maandishi hayakuwepo tena.

Laiti ingalikuwa aibu ya uzee tu, angaliisema. Lakini baraza lilikuwa na kanuni. Miaka minne nyuma walikihukumu kitabu cha kijana mmoja wa Borama, na baadaye ikabainika kwamba nusu yao hawakukisoma; walikisikia vibarazani. Kijana yule hakuandika tena. Kwa majuto ya siku ile waliapa kanuni, na wakamwomba Roble aitunge na aihifadhi. Hawakuiandika popote. Walikuwa na Hafidhi. Karatasi ya nini? Na kanuni ile ilimtaka hakimu awe amekisoma kitabu mwenyewe, kwa jicho lake. Asiye na jicho hana mkeka.

Basi kila alasiri, mlango umefungwa, Dahabo alimsomea. Alisoma kwa sauti kavu isiyo na madoido, kama mtu asomaye barua ya jirani, naye Roble alisikia mara moja, maneno yakakaa. Vitabu tisa kwa mwaka. Asubuhi ya leo Dahabo alikunja pembe ya juu ya jalada la kila kimoja ili mkono umwambie upi ni juu, na kipi ni kipi: kinene ni cha kupendwa, chembamba ni cha kuchukiwa.

"Hafidhi!" Bulhan alipaza sauti. "Mbona unavipapasa kama unanunua mbuzi?"

Watu walicheka.

"Mbuzi ningempapasa mkia, Bulhan," Roble akajibu. "Hivi naviaga tu." Akakiweka kinene uso juu, chembamba akakilaza kifudifudi, akatega sikio mpaka akasikia sauti ya Hirsi ikivitaja.

"Bismillahi. Hafidhi amekipenda *Visima vya Haud*. Na amekilaza *Mlango wa Mama Yangu*."

Mwandishi wa kitabu kilicholazwa alikuwepo. Ugbaad Samatar, mwalimu wa shule, mwanamke wa miaka kama arobaini, aliketi kwenye benchi la wanawake, na hicho kilikuwa kitabu chake cha kwanza. Kwa mujibu wa desturi, mwandishi huruhusiwa kusikiliza na hasemi neno mpaka hakimu amalize. Kwenye benchi lilelile, kando yake, aliketi Dahabo. Roble alikijua kivuli chake. Alikijua kuliko sura yake mwenyewe.

"Kabla ya kuchinja, tufurahi kwanza," Bulhan akasema. "Hafidhi, tusomee ukurasa wa mwanzo wa hicho unachokipenda. Mwaka mzima hatujakusikia ukisoma. Zamani ulikuwa hupiti hapa bila gazeti."

Lilisemwa kwa mzaha, ila halikuwa mzaha. Roble aliihisi shabaha yake. Yule mtu alitumia maisha yake akifungua mizigo ya watu mpakani, na pua yake ilikuwa bado kazini.

"Nakusomea," akasema. Akakichukua kitabu, kidole chake kikaitafuta pembe iliyokunjwa, akafungua jalada, akapindua karatasi mbili, akainamisha uso. Mbele yake palikuwa na weupe mtupu. Akaanza.

Alikisoma kutoka kifuani: habari za wachimbaji wa visima, jinsi mtu wa chini kabisa shimoni anavyoimba ili wa juu wajue kwamba bado yu hai. Maneno hayakumpa shida. Shida ilikuwa karatasi. Ukurasa huisha wapi? Akilini akamsikiliza Dahabo, si maneno yake bali pumzi zake. Baada ya neno "kamba" alikuwa amevuta pumzi na kulamba kidole. Roble akafika kwenye neno "kamba", akavuta pumzi, akalamba kidole, akapindua karatasi.

Kivuli cha Bulhan, kilichokuwa kimeinama mbele kikitazama, kikarudi nyuma.

"Mashaallah," akanung'unika. "Sauti haijazeeka."

"Masikio yako nayo hayajapungua," Roble akamwambia, na kicheko kilichozuka kikampa nafasi ya kupumua.

Akakisifu kitabu kile kwa maneno mengi mazuri, nayo yalitoka rohoni. Halafu akakiokota chembamba, na sauti yake ikabadilika, kwa kuwa hapa palikuwa na hasira ya kweli.

"Huyu binti anaandika," akasema. "Siwezi kumnyima hilo. Sentensi zake zina mizani, kila moja imepimwa. Ndiyo maana nimekasirika. Angekuwa hajui, ningemsamehe. Anatusimulia nyumba yao, mtaa wao, mkate wa asubuhi, redio ya babake. Anatufikisha mwaka wa themanini na nane, ndege zinaanza kuupiga mji huu huu. Nasi tunajiweka tayari. Tunasema, sasa atasema. Na anasema nini?"

Hakukifungua kitabu. Hakuona haja.

"'Mama alifunga mlango, akauweka ufunguo kifuani pake.' Hiyo ni sentensi moja. Sentensi inayofuata ni hii: 'Tulipofika kambini, tulipewa namba ya hema.'"

Akakiinua kitabu juu, watu wakione.

"Baina ya mlango na hema kuna nini, jamaa? Kuna njia. Siku tisa kwa miguu mpaka mpakani. Nani hapa hakuipita? Nani hakuacha kitu njiani? Huyu ameifunga njia yote baina ya nukta na herufi kubwa. Ameiruka! Mwandishi anayejua kuandika hivi, kisha akafika penye maumivu ya watu akaruka, amefanya woga kuwa ufundi. Afadhali yule asiyejua. Kwa hiyo nimekilaza."

Alingoja ule mguno wa kukubali ambao daima ulimfuata. Haukuja.

"Umemaliza, ami?" Ilikuwa sauti ya Ugbaad.

"Nimemaliza, binti yangu."

"Basi niruhusu. Hiyo njia nimeiandika kwa kurasa arobaini na moja." Sauti yake haikuwa na hasira, ilikuwa na mshangao. "Kitabu kizima ni hiyo njia, ami. Hayo mengine niliyaandika ili nifike pale na nitoke."

"Ni kweli," mmoja wa wahakimu akasema kwa sauti ya chini. "Mimi sikulala kwa sababu ya sura ile."

Ndipo Roble akasikia, kutoka benchi la wanawake, kikombe cha chai kikigongagonga kisahani. Mara akajua.

Aliikumbuka siku yenyewe. Dahabo alisoma mpaka kwenye ufunguo. Akanyamaza. Akasema kifua kinamkereketa, wapumzike. Kesho yake alianza na hema, na sauti yake ilikuwa kavu kuliko siku zote. Roble, aliyezihifadhi pumzi zake zote, aliisikia pumzi ile na hakuiuliza.

Kwenye njia ile walimwacha Mahad, mwana wao, wa miaka sita, siku ya tano, chini ya mgunga, katika kaburi lililochimbwa kwa sufuria. Hawakupata kulizungumza. Si kwamba walikatazana. Ilikuwa tu kwamba kila mmoja alimngoja mwenziwe aanze.

"Pengine nakala yako ina kasoro, Hafidhi," Hirsi akasema upesi, kwa sauti ya mtu anayetandika godoro chini ya anayeanguka. "Mitambo ya hawa wachapaji tunaijua. Huruka kurasa."

"Tuione," akasema Bulhan, na kitabu kikamtoka Roble mikononi. Karatasi zikapinduliwa. "Ukurasa wa themanini na nane. Themanini na tisa. Tisini. Zote zipo. Safi kabisa, kama hazijaguswa." Kivuli kikasogea karibu, na kitabu, wazi, kikarudishwa magotini pa Roble. "Hii hapa, Hafidhi. Mstari wa kwanza tu. Tusomee."

"Bulhan," Hirsi akamwonya.

"Nimesema neno baya? Msomaji ameombwa kusoma. Kijana wa Borama tulimfanyia nini sisi? Tuliapa haitarudi tena. Sasa kitabu cha binti wa watu kimelazwa kwa kosa ambalo hakina. Nataka kujua kilisomwa kwa jicho gani."

Alikuwa na haki. Hilo ndilo lililouma zaidi. Roble aliinamisha uso. Weupe. Aliupitisha mkono juu ya karatasi kana kwamba wino ungeweza kumhurumia vidole. Alisikia wauza vitabu mlangoni wakiacha kunong'ona.

"Mwache!"

Dahabo alikuwa amesimama. "Mwache, Bulhan. Huwezi kumsomesha mtu asiyeona. Macho yake yamekwisha tangu mwaka jana. Mimi ndiye niliyemsomea vyote, na mimi ndiye niliyeruka. Yeye hakujua. Kama kuna mtu wa kulazwa kifudifudi hapa, nilazeni mimi."

Ugbaad alisema kitu kidogo, kama mtu aliyeguswa na moto. Kisha Hirsi akakohoa, akaburuta mguu wake mfupi mpaka katikati ya mkeka.

"Sikilizeni," akasema. "Tusikimbilie. Mzee amesomewa, msomaji wake ameteleza, mwandishi ameonewa. Tunaondoa hukumu, tunaomba radhi, tunakunywa chai. Kuna ubaya gani kusomewa? Wazee wetu walisomewa. Na kanuni yenyewe, kama kumbukumbu yangu ni nzuri, inasema, 'aliyekisoma au kusomewa'. Si ndivyo?"

"La," akasema Bulhan. "Inasema 'kwa jicho lake'."

"Mimi nakumbuka 'mwenyewe' tu," akasema hakimu mwingine.

"'Mwenyewe' na 'kwa jicho lake' si mamoja?"

"Si mamoja! Mimi hula mwenyewe, sili kwa jicho."

Wakaanza kubishana, na mabishano yakakua, kila mmoja na kipande chake, mpaka Hirsi akapiga kofi. "Tuna mwenye nayo hapa," akasema. "Kanuni tulimwekea Hafidhi. Yeye atatuambia." Akainama, akashusha sauti, na maneno yake yakawa kama mkono unaonyooshwa kwa mtu aliye kisimani. "'Aliyekisoma au kusomewa.' Si ndivyo, ndugu yangu?"

Roble alielewa zawadi ile, akaupima uzito wake. Maneno mawili tu, kisha asingeulizwa na mtu. Hapakuwa na karatasi ya kumsuta. Nusu ya baraza ilikuwa imekwisha kusahau, na nusu nyingine ingemwamini yeye kuliko kumbukumbu zao. Angebaki kwenye mkeka. Ingesemwa kwamba kosa ni la mke, naye Dahabo angerudi nyumbani akiwa mwanamke aliyemhadaa mumewe kipofu. Na kanuni ingekuwa na neno lisilokuwemo, nayo ingepita hivyo kwa watu, miaka, mpaka siku ya kuulizwa kila mwenye amana juu ya amana yake.

Alikuwa na miaka saba alipokaa mbele ya ubao wa chuoni, na mwalimu wake alimwambia jambo moja tu kuhusu kuhifadhi: anayeongeza na anayepunguza wote wameiba.

"Kanuni ni hii," akasema, na sauti yake ikawa ile ya kughani, wazi, isiyo haraka. "'Hatakihukumu kitabu mtu yeyote mkekani petu, ila aliyekisoma mwenyewe, kwa jicho lake, jalada hadi jalada, na atakayehukumu kinyume cha hivyo, atainuka na hatarudi.' Ndivyo nilivyoitunga. Hakuna 'kusomewa' ndani yake."

Hirsi alivuta pumzi. "Hafidhi..."

"Hakuna, Hirsi. Ningependa iwemo. Haimo."

Akaweka viganja chini, akainuka. Bulhan, ambaye hakuna aliyemtarajia, alimshika kiwiko, na mkono wake ulikuwa baridi. "Sikutaka tufike hapa," akanong'ona. "Wallahi nilitaka kujua tu."

"Umejua," Roble akamwambia. "Niachie mkono. Kutembea naweza." Kisha akageukia upande wa kivuli cha Ugbaad. "Binti yangu, nimekuita mwoga mbele ya watu, na kitabu chako sijakijua. Natubu kwa Mola wangu na nakuomba radhi wewe. Na sifa nilizokipa kile cha visima nazo ziondoeni, kwa kuwa nilikihukumu kwa sikio hilihili. Mwandishi wake hana kosa; mpeni mwingine akisome."

"Nimekusamehe, ami," akasema Ugbaad.

Wakakiokota kitabu chake mkekani, kilipoanguka kutoka magotini pa Roble, wakakiweka pembeni, si uso juu wala kifudifudi. Wahakimu waliobaki walikaa. Hirsi akalitaja jina la anayefuata.

Dahabo alimpeleka mumewe nje ya ua, kwenye benchi la jiwe kando ya ukuta wa soko, palipo na kivuli. Nyuma yao sauti za baraza zilianza tena, kwanza za unyonge, kisha mtu akakitukana kitabu fulani cha biashara na wakacheka. Roble aliusikiliza mkeka wake wa miaka kumi na minne ukiendelea bila yeye. Ilimuuma kuliko alivyodhani.

"Nilaumu," Dahabo akasema.

"Nakulaumu."

"Baada ya ufunguo nilitupa jicho mbele, nikauona mgunga, Roble. Katika ukurasa wa tatu tu wa njia. Si mgunga wetu, ni mwingine, mtoto ni mwingine, lakini sufuria ipo. Wamechimba kwa sufuria. Nilisoma kwa macho mpaka mwisho wa ukurasa, wewe umekaa unangoja, ukidhani nanywa maji. Nilijua nikilitoa kinywani utaliweka kifuani pako na halitatoka tena, maana wewe hakuna kinachokutoka. Nikasema, nitalibeba mimi."

Punda wa maji walipita, wakapishana na gari.

"Limo, Dahabo," akasema mwishowe. "Limo siku zote. Nalisoma kila siku, sina wa kunisikiliza kama nimedondosha herufi."

Alijua analia, bila sauti, kama alivyolia siku ile ya tano. Alinyoosha mkono akaupata mkono wake, na ndani ya mkono ule palikuwa na kitabu. Alikuwa amekichukua.

"Ni kurasa arobaini na moja," akasema Dahabo. "Sijui kama nitaweza."

"Anza leo. Ukichoka, utaniambia umechoka. Lakini usiniambie tumefika kambini."

Dahabo alijifuta uso kwa ncha ya mtandio, akafungua kitabu.